Kutoka Bagamoyo Hadi Ujiji: Gemu Nzuri ya Uhusika Inapimwa kwa Nini?

Februari 1874, Mwingereza aitwaye Verney Lovett Cameron aliingia Ujiji na msafara uliochoka. Mnyapara wake mkuu alikuwa Mubarak Bombay, na kwa Bombay hii ilikuwa mara ya tatu kufika hapa. Miaka 100 baadaye, yaani 1974, katika mji mdogo wa kando ya ziwa huko Wisconsin, Marekani, ukatoka mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson unaoitwa Dungeons & Dragons. Matukio haya mawili hayana undugu wowote. Lakini mimi ni mwandishi wa habari ninayeishi Kigoma, ninasoma historia ya mji huu mchana, na usiku, umeme ukiwepo, ninacheza gemu. Kwa hiyo kichwani mwangu Cameron na Gygax hukutana mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kwa wasomaji wa riwaya ambao hawajawahi kugusa gemu, hebu tueleweshane kwanza. Katika Dungeons & Dragons mtu mmoja anasimulia ulimwengu: kuna mlango, kuna mto, kuna mzee amekaa kizingitini. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema, "Mimi nabisha hodi," au "Mimi napita dirishani." Dadu huamua kama umefanikiwa. Mwaka 1981 zikatoka Ultima na Wizardry, ambazo zilihamishia kazi ya msimulizi kwenye kompyuta. Ndipo ikakua familia nzima ya gemu ambazo Wazungu huziita kwa kifupi RPG. Mimi nitaziita gemu za uhusika, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: unavaa uhusika wa mtu mwingine na unaishi na matokeo yake.

Huku kwetu hazina wateja wengi. Kwenye vibanda vya gemu mtoto analipa, anacheza mpira, dakika zikiisha anampisha mwenzake. Siku moja kijana wa jirani alinikuta sebuleni nikicheza gemu ya aina hii. Akatazama robo saa, mhusika wangu anaongea tu na watu sokoni. Mwishowe akauliza, "Kaka, sasa hii unashinda vipi?"

Swali zuri, na ndilo linaloendesha makala haya. Kama kushinda si jambo kubwa, basi tunajuaje kwamba gemu ya uhusika ni nzuri? Wapo wanaotaja ukubwa wa ramani, wingi wa saa za kucheza, ubora wa picha, idadi ya silaha. Mimi jibu langu nimelipata katika historia ya mji huu. Gemu ya uhusika ni nzuri pale ambapo nafasi unayoichukua lazima ikubaliwe na wengine, ikugharimu, na iache alama. Ukijipa cheo mwenyewe na hakuna anayekuuliza, unachocheza ni kioo.

Kanzu haitoshi

Karne ya 19 Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na pia mwanzo wa njia nyingine iliyovuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Watu wengi waliofika hapa walifika wakiwa kitu kimoja na wakaondoka, au wakabaki, wakiwa kitu kingine.

Neno la kuangalia ni "mwungwana". Pwani lilikuwa na maana ya mtu huru, mwenye adabu za mjini, asiye mtumwa. Lilipofika bara likaanza kutanuka. Wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliochukuliwa huko huko Manyema utotoni, walijiita na kuitwa waungwana. Walivaa kanzu, walichukua majina ya Kiislamu, walizungumza Kiswahili, walishika bunduki. Mtu ambaye Pangani au Unguja angeonekana mtumwa, ng'ambo ya ziwa alikuwa bwana mkubwa.

Sasa hapa ndipo historia inapofundisha kuhusu gemu. Kanzu mtu yeyote angeweza kuivaa. Ungwana ulikuja pale ambapo wengine walikuitikia hivyo: walipokupisha njiani, walipokukopesha bidhaa, walipokubali kukuoza binti. Na nafasi hiyo ilikuwa na mipaka ya mahali. Kilichokubalika Manyema kingeweza kuchekwa Unguja.

Katika Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 kuna wazo la namna hiyo. Ukivaa sare za kundi fulani, wenzao wanakuchukulia kama mmoja wao na maadui zao wanakupiga risasi. Lakini wapo wahusika wenye macho makali, pamoja na mbwa wa ulinzi, ambao hawadanganyiki. Linganisha na Skyrim ya mwaka 2011, gemu ambayo naipenda kwa milima yake. Ndani yake unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi, mkuu wa mashujaa na mkuu wa wezi kwa wakati mmoja, na bado askari wa mlangoni akakusemesha kama mpita njia. Vyeo vyote hivyo, na mji mzima hauna habari. Mwungwana wa Ujiji angeona hiyo ni dharau.

Alama ya nafasi ile ipo mpaka leo, na unaweza kuisikia kwa masikio. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilikuja kuitwa Kingwana, kutokana na neno hilo hilo ungwana. Watu walichukua uhusika, na ukageuka kuwa lugha ya mamilioni. Sijaona gemu iliyofika hapo.

Mzigo una uzito

Kila mchezaji wa gemu hizi anaujua ujumbe unaosema umebeba vitu vingi mno na huwezi kukimbia. Wengi huuchukia. Mimi nadhani ni kati ya vitu vya maana kabisa ndani ya gemu, mradi mwandishi wake awe amefikiri.

Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, karibu frasila mbili. Ndani yake kulikuwa na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti. Kutoka pwani hadi ziwani safari ilichukua miezi. Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Unguja Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea, Speke karibu haoni. Waliokuwa wazima waliwabeba au kuwaongoza wagonjwa, na wengine walikuwa wameshatoroka.

Kutoroka kwa wapagazi ni jambo ambalo wasafiri wa Ulaya waliliandika kwa hasira kila ukurasa. Ukisoma kwa jicho jingine, kama alivyofanya mwanahistoria Stephen Rockel, unaona kwamba wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi na heshima ya kazi yao. Walijua mshahara wa haki, posho ya haki na mwendo wa haki. Ukivunja, usiku wanaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yao. Kwa Wanyamwezi, wasafiri waliandika, kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi hakuhesabiwa bado kuwa mwanaume kamili. Hapo "levo" haikupanda kwa kuua nyoka kumi porini. Ilipanda kwa sababu nyumbani walikuona ukirudi.

Gemu bora za miaka hii zimeanza kulielewa hili. Katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, wenzako wa safari wana misimamo yao, na ukiwakera vya kutosha wanaweza kukuacha. Mchezaji aliyezoea kuamrisha hupata mshtuko. Msafara wowote wa Ujiji ungemwambia mapema.

Kisha kuna hongo. Siku hizi neno hili lina harufu mbaya, lakini enzi hizo lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu. Ugogo walidai, Uha walidai. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji, alilipa hongo Uha zaidi ya mara moja, akaona vitambaa vinaisha. Akakodi viongozi wa kumpitisha nje ya njia kuu, usiku, kimyakimya. Angalia uamuzi ule ulivyo mzito: kulipa na kufika mikono mitupu, au kukwepa na kuhatarisha watu wote. Fallout ya kwanza, mwaka 1997, ilikupa siku 150 za kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya watu wa kwenu. Siku zile ndizo zilizokuwa hongo yake. Kila ukizurura, wa nyumbani wanakaukiwa. Gemu isiyo na kitu kama hicho inakuruhusu kufanya yote, kwa hiyo hujachagua lolote.

Na njia je? Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele mwenye bendera, anayejua maji yako wapi. Katika Morrowind ya mwaka 2002 hapakuwa na mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Uliuliza watu, wakakuambia pita daraja, mkono wa kushoto kuna jiwe, ukipotea umepotea. Gemu zilizofuata za mfululizo huo zikaweka mshale. Tukapata urahisi, tukapoteza kirangozi. Na pamoja naye tukapoteza sababu ya kumsikiliza mwenyeji.

Shanga za sokoni

Kuna habari moja ya Ujiji ambayo kila mtunga gemu angepaswa kuisoma. Cameron aliikuta soko la hapa likitumia fedha ya shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa walikuwepo watu wenye mifuko ya sofi. Mnunuzi alibadilisha bidhaa zake kwao apate shanga, akaenda kununua samaki, mawese, unga, mbuzi. Soko likifungwa, wauzaji walirudisha shanga kwa watu wale wale na kupata bidhaa. Wabadilishaji walipata faida asubuhi na jioni.

Nini cha kujifunza? Kwamba fedha ni ya mahali. Shanga iliyopendwa huku, safari ya siku kumi mbele haikuwa na maana, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulibeba takataka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pwani ilibidi ujue watu wa mbele wanapenda nini. Maarifa kuhusu watu yalikuwa ndiyo mali.

Katika gemu nyingi sarafu ya dhahabu ni ile ile kutoka pango la kwanza hadi jumba la mfalme. Ukifika katikati ya hadithi una dhahabu nyingi kuliko nchi nzima, na hakuna mtu anayeshangaa. Mimi sidai kila gemu iwe somo la uchumi. Nasema tu kwamba ulimwengu unaokubali kila kitu chako, popote, kwa bei moja, ni ulimwengu usio na watu ndani yake.

Uongo wa Utetera

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1905. Msomaji wa leo akiyafungua anaweza kudhani anasoma kumbukumbu za mchezaji: nimekwenda hapa, nimepata pembe kiasi hiki, nimepigana, nimeendelea.

Tukio moja linashinda mengine yote. Magharibi ya mbali ya ziwa, katika nchi ya Utetera, alitawala mzee Kasongo Rushie. Hamed alikuwa amepata habari kwamba zamani dada wa ukoo ule walichukuliwa mateka wakapotea. Akajitokeza na kusema kwamba yeye ni wa uzao wa mmoja wa dada wale, amerudi kwa wajomba. Mzee akaamini, au akaona inafaa kuamini, na akamkabidhi utawala. Pembe za ndovu zikaanza kuletwa kwake kama haki ya mtawala.

Kama huu si uigizaji wa uhusika, basi sijui uigizaji ni nini. Lakini tazama kilichoufanya ufanikiwe. Hamed alihitaji kujua historia ya familia ile, majina yao, uchungu wao. Uongo wake ulikaa ndani ya pengo la kweli. Na baada ya kukubaliwa hakuwa huru tena kufanya analotaka: alipaswa kukaa kama mtawala, kuamua mashauri, kuwa mjomba na mpwa wa watu. Uhusika ulimbana.

Disco Elysium ya mwaka 2019 inafanya kazi karibu hivi. Iliandikwa na kundi la Waestonia wakiongozwa na Robert Kurvitz, ambaye alikuwa mwandishi wa riwaya kabla. Haina mfumo wa mapigano kama zile nyingine. Dadu zinarushwa unapozungumza na watu. Unaweza kushindwa kumshawishi mtu, na kushindwa kule kukafungua mlango ambao kufaulu kusingeufungua. Wapenzi wa fasihi, kama mtacheza gemu moja tu maishani, anzeni na hiyo.

Hata hivyo tusimsifu Hamed tukasahau. Upande wa pili wa kila kilo ya pembe kulikuwa na vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Hapo ndipo swali la gemu nzuri linapoacha kuwa la burudani.

Vyeo vya kuchezea

Kabla ya kufika huko, neno moja kuhusu mchezo halisi. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa na mchezo wao wa uhusika muda mrefu kabla ya Wisconsin. Ni ngoma ya beni. Jina lake lilitokana na bendi za Wazungu, na ilianza miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890. Kisha ikasambaa Tanganyika na bara, hasa pamoja na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, vita vilivyoleta manowari ziwani kwetu na Wabelgiji Kigoma mwaka 1916. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975.

Katika beni kulikuwa na vyama vinavyoshindana, Marini na Arinoti, na ndani ya kila chama kulikuwa na wafalme, magavana, majenerali, hadi watu wa chini. Walikuwa na sare na gwaride. Karani au mpishi wa mchana, jioni alikuwa jenerali. Lakini cheo hakikuwa cha bure. Ulipaswa kuchangia karamu, kushiriki mazishi ya mwenzako, kumsaidia mgeni wa chama aliyetoka mji mwingine. Ukikwama, wanachama wangekuona huna hadhi ya nyota zako. Wakoloni waliwatazama kwa wasiwasi, wakijiuliza kama watu wanaocheza utawala hawajifunzi kutawala. Wasiwasi wao ulikuwa sifa kubwa kwa mchezo ule. Kila nilichosema hapo juu kimo ndani ya beni: cheo kinatolewa na wengine, kina gharama, na kinaacha alama.

Wasiopewa nafasi ya kuchagua

Sasa tuingie kwenye jambo zito. Kampuni moja ya Denmark, Serious Games Interactive, ilitengeneza gemu ya kufundishia watoto historia ya biashara ya watumwa. Ndani yake palikuwa na sehemu ambapo mchezaji anapanga miili ya watu melini ili wajae vizuri, kama matofali ya Tetris. Mwaka 2015 watu walikasirika duniani kote, na sehemu ile ikaondolewa.

Wengine walisema kosa lilikuwa kuigusa mada yenyewe. Mimi sikubaliani. Kosa lilikuwa kwamba gemu ilimpa mchezaji akili na vidole, na ikawapa watumwa umbo tu. Katika gemu ya uhusika, kila asiye mchezaji yuko hatarini kugeuzwa samani. Na hilo ndilo lililotokea katika historia yenyewe ya Ujiji kama inavyosimuliwa. Duniani kote mji huu unajulikana kwa sababu Novemba 1871 Mzungu mmoja alimwamkia Mzungu mwingine chini ya mwembe. Waliosimama pembeni, mji mzima, ni umati usio na majina.

Je, mtu aliyenyang'anywa karibu chaguo zote anaweza kuwa mhusika mkuu wa gemu? Historia inajibu ndiyo. Mwanahistoria Marcia Wright aliandika kuhusu wanawake watumwa wa ukanda huu wa maziwa, na mmoja wao ni Bwanikwa, aliyeishi nchi za magharibi na kusini ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Alitolewa na familia yake akiwa msichana, akabadilishwa mikono mara nyingi kutoka bwana hadi bwana. Kila hatua alipima: nikimbie sasa au ningoje, nimwamini nani, nikae na nani ili nisiuzwe tena. Mwishowe, akiwa ameolewa, alikusanya mali kwa kazi ya mikono yake na akamlipa mumewe mwenyewe fidia ya uhuru wake, ili asiitwe tena mtumwa wa mtu.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mumewe angeweza kumwambia tu, "Wewe ni huru." Bwanikwa hakuridhika na neno. Alitaka malipo yafanyike na watu waone, ili nafasi yake mpya isiwe hisani ya mtu inayoweza kuchukuliwa kesho. Alijua kanuni ya gemu nzuri kuliko watunzi wengi wa gemu. Gemu yenye milango elfu iliyo wazi haina uamuzi mmoja wenye uzito kama wake.

Tukimchagua Bombay

Nirudi kwa mnyapara wa Cameron. Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa hadi India. Jina lake la mwisho ni la mji wa huko. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani pwani. Mwaka 1857 Speke alimchukua kwa sababu wote wawili walijua Kihindi, na hivyo Mzungu akapata mdomo wa kuzungumzia. Alifika Ujiji na Burton na Speke, akaenda na Speke na Grant hadi chanzo cha Nile, akarudi Ujiji na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Benguela, Angola, mwaka 1875. Speke aliwahi kumpiga ngumi na akaandika mwenyewe. Waingereza baadaye walimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki Unguja mwaka 1885.

Katika vitabu vya mabwana zake, Bombay ni msaidizi: mara mwaminifu, mara mlevi, mara mkaidi. Ukimweka katikati, kila kitu kinageuka. Yeye ndiye anayejadili hongo. Yeye ndiye anayejua kwamba wapagazi watatoroka kesho, na anapaswa kuamua kumwambia bwana au kunyamaza. Yeye ndiye anayetafsiri, na kila tafsiri ni uamuzi: maneno makali ya Mzungu ayafikishe yalivyo, au ayalainishe watu wasife? Stanley katika gemu hiyo angekuwa hali ya hewa mbaya tu, kitu cha kuvumilia mpaka kipite.

Gemu za namna hii zimeanza kutoka Afrika. Studio ya Kiro'o ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya uhusika ya mfalme na malkia waliopinduliwa, iliyojengwa juu ya fikra za Kiafrika na si za majumba ya Ulaya. Ni hatua. Lakini ufalme ni rahisi kuufanyia gemu. Mfalme huzaliwa akiwa mhusika mkuu. Kazi ngumu, na tamu zaidi, ni ya mnyapara, ya mpagazi, ya mbadilisha shanga, ya mwanamke anayehesabu mali ya kujikomboa.

Kwa hiyo kijana wa jirani nilimjibu hivi: gemu hii hushindi. Unakubaliwa au unakataliwa. Akanitazama, akaomba pedi, akamrudisha mhusika wangu sokoni na kuanza kuuliza bei ya samaki. Muuzaji alimkatalia, akidai hamjui. Kijana akacheka, akasema, "Ee, huyu kama mama wa Kibirizi!" Akakaa chini.